Gari la Zamani Lisipowaka: Pima Kwanza, Kisha Ununue

Tufikiri habari ya mkulima mmoja wa Kinangop mwenye Land Rover ya mwaka 1962, aliyoirithi kwa baba yake. Ni asubuhi ya mwezi wa Julai, jua halijachomoza, naye amekwisha kupakia mitungi ya maziwa. Abonyeza stata, badala ya injini kunguruma asikia mlio mmoja tu, "tak!", kisha kimya. Maziwa hayangoji. Majirani waitwa, gari lasukumwa mteremkoni, lawaka. Jioni yake mwenye gari achukua fedha alizokuwa ameziweka kwa karo ya mtoto, anunua betri mpya. Baada ya majuma matatu asikia tena mlio ule ule.

Je, ni bahati mbaya, au mwenye duka amemwuzia betri mbovu? Si hili wala si lile. Betri ni mtungi tu. Hauna maji yake wenyewe. Una yale yaliyotiwa ndani. Mtu akiona mtungi mtupu hauvunji akanunua mwingine, bali huuliza kwanza: nani alikuwa na kazi ya kuchota maji, na je, mtungi unavuja? Katika gari la zamani mchota maji ni dainamo, njia yake ni nyaya, na mnywaji mkubwa kuliko wote ni stata. Juma hili twataka kumwonyesha msomaji jinsi ya kuwapima hao wote kwa mita ndogo ya volti, ambayo siku hizi hupatikana kwa bei ya chini sana kuliko bei ya betri.

Magari tunayoyanena ni hasa Land Rover za Series II, zilizotengenezwa toka 1958 mpaka 1961, na Series IIA, zilizofuata mpaka 1971. Mengi yangali yakifanya kazi mashambani, na mengine hutunzwa kwa mapenzi na wenyewe mijini. Maneno mengi yaliyomo humu yafaa pia kwa Morris Minor na magari mengine ya Kiingereza ya miaka ile. Mwenye Volkswagen ya miaka ya 1950 akumbuke kwamba gari lake huenda ni la volti 6, kwa hiyo agawe hesabu zetu kwa mbili.

Kuna jambo moja ambalo hapana budi kulijua kabla ya kugusa waya wowote. Katika magari ya leo upande hasi wa betri ndio uliofungwa katika mwili wa gari. Katika Morris Minor na Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mambo ni kinyume: upande chanya ndio uliofungwa mwilini. Gari lako laweza kuwa limegeuzwa na fundi fulani zamani, basi usikisie. Fungua ukatazame waya mnene ulioshikwa na chuma cha gari umetoka katika kichwa kipi cha betri, kile chenye alama ya kujumlisha au kile cha kutoa. Tutarudi kwa jambo hili, maana limeunguza vitu vingi.

Sasa tuanze na jaribio lisilohitaji hata mita. Washa taa kubwa za mbele, umsimamishe mtu mbele ya gari azitazame, kisha bonyeza stata. Taa zikififia sana au kuzimika, na injini haizunguki au inazunguka kwa uchovu, basi betri imeishiwa, au stata imekwama. Taa zikibaki na mwanga wake wote na stata iko kimya, umeme haufiki katika stata kabisa: tazama swichi yake na nyaya zake. Taa zikizimika ghafula kama mshumaa uliopulizwa, kisha zikarudi baada ya kutikisa nyaya, kichwa cha betri kimelegea au kimeota kutu. Na ikiwa stata yavuma kwa kasi lakini injini haizunguki, gia yake ndogo haikushika meno ya gurudumu zito la injini, kwa kawaida kwa sababu ya uchafu. Gia hiyo huoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa kavu. Wengine huipaka grisi kwa kuihurumia, na grisi hiyo hiyo hukusanya vumbi ikaikwamisha tena.

Ikiwa jaribio limeonyesha betri, ipime. Gari liwe limelala saa kadhaa bila kuwashwa. Mita ikisoma volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Ikiwa chini ya 12, karibu ni tupu. Kisha mtu abonyeze stata huku wewe ukitazama mita: isishuke chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imelala, kisha ikaanguka mpaka 7 au 8 stata inapobonyezwa, hiyo ni dhaifu kweli. Lakini betri tupu haiwezi kuhukumiwa. Ichajiwe kwanza mpaka ijae, ndipo ipimwe. Mahali pa baridi kama Kinangop au Limuru hesabu hii ni kali zaidi, maana baridi hupunguza nguvu za betri na wakati huo huo huifanya oili ya injini kuwa nzito, hata stata ikahitaji nguvu nyingi kuliko ile ya mchana.

Betri yenye vifuniko yaweza kupimwa pia kwa haidromita. Tindikali ya betri iliyojaa husoma 1.28 hivi, na chumba kimoja kikipungua kuliko vingine kwa zaidi ya 0.05, chumba hicho kimekufa na betri yote pamoja nacho. Maji yakipungua ongeza maji safi ya betri, si ya mto wala ya bomba. Wala usiongeze tindikali. Inayopungua ni maji peke yake, tindikali imebaki ndani. Tena pasiwe na sigara wala kibiriti karibu, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Baada ya betri zifuate nyaya, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, maana waya mbovu haionekani kwa macho. Ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri ni adui wa kwanza. Koroga magadi katika maji ya uvuguvugu, mwagia vichwa hivyo mpaka povu likome, suuza, kisha vikwangue mpaka risasi ing'ae. Angalia magadi yasiingie ndani ya betri, maana yataua tindikali. Ukisha kuvifunga tena paka mafuta mazito kwa juu.

Kisha gusisha ncha moja ya mita katika kichwa chenyewe cha betri, yaani ile risasi, si kibanio chake. Ncha nyingine igusishe katika msumari wa stata ambapo waya mnene huingia. Bonyeza stata. Mita isisome zaidi ya nusu volti. Ikisoma volti 2, basi volti hizo 2 zinapotea njiani, na zaidi ya ampea 100 ambazo stata huzihitaji haziwezi kupita. Fanya vivyo hivyo kwa njia ya kurudi: ncha moja katika kichwa kile kingine cha betri, ya pili katika mwili wa stata. Njia hii ya kurudi husahauliwa sana. Injini ya Land Rover imekaa juu ya mipira, nayo mipira haipitishi umeme, kwa hiyo pana utepe wa waya unaounganisha injini au gia boksi na chesisi. Utepe huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa choki. Ukiona waya wa choki una moto baada ya kupiga stata, usitafute mbali. Ugonjwa umekwisha kuonekana.

Stata yenyewe ikikwama, usiipige kwa nyundo kama wafanyavyo wengine. Zima swichi ya injini, tia gia ya juu, kisha watu wawili walisukume gari mbele na nyuma. Mara nyingi gia hujiachilia. Stata nyingi za miaka ile zina ncha ya mraba nyuma, chini ya kifuniko kidogo, ambayo yaweza kuzungushwa kwa spana.

Na kwa kuwa gari hizi zina tundu la hendeli, tuseme neno moja juu yake. Hakikisha gari halimo katika gia na breki ya mkono imevutwa. Shika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikipiga nyuma, mkono ulioshika namna hii hufunguka wenyewe. Mkono ulioshika vinginevyo huvunjika.

Sasa twafika kwa mchota maji. Watu wengi hawajui jinsi anavyochota kidogo. Dainamo ya Lucas C40, ambayo ilifungwa katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, hutoa ampea 22 kwa wingi wake wote, na injini ikienda polepole hutoa karibu na bure. Mtu anayekwenda usiku katika msongamano wa Nairobi, taa zote zikiwaka, hutumia akiba ya betri yake hata kama kila kitu ni kizima. Hata hivyo kupiga stata mara moja si hasara kubwa. Tukisema stata hutumia ampea 150 kwa sekunde 4, dainamo ikirudisha ampea 10 italipa deni hilo kwa dakika moja, au mbili ukihesabu na kile kinachopotea katika kuchaji. Kwa hiyo gari lililo zima, linalotembea vya kutosha kila siku, haliwezi kuimaliza betri kwa sababu ya stata peke yake.

Anza kwa mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Ushuke nusu inchi hivi, si zaidi sana. Mkanda uliolegea huteleza, na ulioloa oili huteleza hata ukikazwa.

Kisha itazame taa nyekundu ya chaji, uielewe vizuri. Ukifungua swichi, umeme hutoka katika betri, hupita katika taa hiyo, huingia ndani ya dainamo kwa njia ya brashi za kaboni, ukarudi mwilini. Ndiyo sababu taa huwaka. Injini ikiwaka na dainamo ikafikia nguvu sawa na ya betri, pande mbili za taa hulingana, nayo huzimika. Taa ikibaki nyekundu njiani, kila mtu ajua kwamba chaji hakuna. Lakini itakuwaje ikiwa taa haiwaki kabisa, hata swichi inapofunguliwa kabla ya injini? Wengi husema, "Heri, hakuna neno." Kumbe hapo ndipo pana neno! Huenda ni glopu tu iliyoungua, na dainamo za namna hii huendelea kuchaji hata bila taa hiyo. Lakini huenda brashi za dainamo zimekwisha au zimekwama, hazigusi tena, hivyo taa imekosa njia ya kuwaka na dainamo imekosa njia ya kuchaji, vyote kwa wakati mmoja. Gari litakwenda kwa betri peke yake na hapana kitu kitakachomwonya mwenyewe.

Basi tumrudie mkulima wetu. Taa yake nyekundu haikuwa imewaka kwa miezi, naye alifurahi. Koili ya kuwashia injini hutumia ampea 2 au 3 kila saa gari linapokwenda. Yeye huenda na kurudi saa moja kwa siku. Katika siku 21 hizo ni kati ya 42 na 63, nayo betri yake ni ya ampea-saa 60, na kila asubuhi stata huchukua sehemu yake bila kulipa. Majuma matatu ndiyo yale yale. Betri mpya haikuwa na kosa lolote. Ilifanya kazi ya watu wawili mpaka ikaanguka.

Ili kuijua hakika, fundi hufanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, atoa nyaya mbili za dainamo, ile nene ya D na ile nyembamba ya F, akiziwekea alama zisibadilishwe. Aunganisha misumari ya D na F pamoja kwa kipande cha waya. Ncha moja ya mita yashika waya huo, ya pili yashika mwili wa dainamo. Kisha awasha injini na kuiongeza kasi polepole. Volti zapaswa kupanda upesi bila kuyumba. Zikifika 20 asiongeze tena, na injini isipite mizunguko 1,000 kwa dakika. Mita ikisoma kitu kama volti 1 tu, nyaya za sumaku zilizo ndani ya ganda huenda zina kasoro. Ikisoma 4 au 5, shaka ni juu ya kiini kinachozunguka. Ikisoma sifuri, atazame brashi. Kwa mkulima wetu ilisoma sifuri, na kaboni zilikuwa zimelika mpaka zimebaki vipande. Brashi mbili ni kitu kidogo sana dukani ukilinganisha na betri. Wakati wa kuzibadilisha, silinda ya shaba zinapogusa isafishwe kwa msasa laini wa kawaida. Usitumie ule mweusi wa kusugulia chuma, maana unga wake hupitisha umeme. Na katika kitundu kilicho nyuma ya dainamo tia matone mawili matatu ya oili ya injini.

Dainamo ikiwa nzima na chaji bado hakuna, tazama kisanduku cha kudhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita katauti. Ndani yake mna swichi ya sumaku inayofunga dainamo ifikapo volti 13 hivi, na kuiachilia injini inapozimwa ili umeme usirudi nyuma. Ncha za swichi hiyo zikishikana kwa moto, betri humwagikia dainamo usiku kucha. Shika ganda la dainamo asubuhi kabla ya kuwasha gari: likiwa na joto, mwizi amepatikana. Mle ndani mna skrubu za kurekebisha, na ushauri wetu ni kwamba asiyezijua aziache. Volti zikipita 15 maji ya betri huchemka na glopu huungua moja baada ya nyingine.

Tuliahidi kurudi kwa habari ya chanya na hasi. Siku hizi gari la zamani likikataa, huitwa matatu au pikapu mpya ije na nyaya zake za kuazimia umeme. Chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi, kila mara, bila kujali ni upi uliofungwa mwilini. Ila magari yasigusane hata kidogo, wala bampa kwa bampa, wala kwa mnyororo wa kuvutia. Mwili wa moja ni chanya na wa lingine ni hasi. Yakigusana baada ya waya wa kwanza kufungwa, umeme wote wa betri hupita hapo kwa cheche na moto. Vivyo hivyo redio mpya na chaja ya simu zilitengenezwa kwa magari ya hasi mwilini, nazo huungua zikichomekwa katika gari la chanya.

Na ikiwa dainamo imetengenezwa, au betri ilifungwa kinyume kwa makosa, huenda sumaku yake imegeuka. Dawa ni hii: toa waya wa F katika dainamo, kisha chukua waya kutoka kichwa cha betri kisichofungwa mwilini ukauguse msumari wa F kwa nukta moja tu, cheche ionekane. Usifanye hivyo huku waya wa F ukiwa umeunganishwa na kisanduku, maana utakiunguza.

Yawezekana stata inazungusha injini kwa nguvu zote na bado haiwaki. Hapo shida si ya chaji. Tazama pointi ndani ya distribyuta. Nafasi yake katika Land Rover hizi ni kati ya inchi 0.014 na 0.016. Zikiwa zimeungua, badilisha pamoja na kondensa yake. Plagi ziwe na nafasi ya inchi 0.030 hivi. Hayo yana somo lake.

Kazi ikiisha, washa injini, iongeze kasi ya wastani, pima betri tena. Mita iliyosoma 12.2 kabla ya kuwasha yapaswa sasa kupanda, na betri inapokaribia kujaa isome kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa kubwa uone kama yashuka chini ya 13. Ikishuka, kaza mkanda upime tena kabla ya kufunga boneti.